Kalamu Iliyobaki Mahurunga

Tangu nirudi hamjaniacha. Kila nikiomba penseli kwenye chumba cha walimu, mmoja wenu anauliza, "Namkunda, ile kalamu ya baba yako iko wapi?" Nikijibu kwamba iko Mahurunga, mnacheka na kusema Mpare hawezi kuacha kitu cha thamani ugenini bila kufungua kesi. Basi leo nimekaa na penseli ya kuazima, naandika yote kwa mkupuo mmoja ili msiniulize tena. Vibali na barua za chuo naviruka, maana kila mmoja wenu anajua kusubiri mhuri ni kazi gani.

Kwa wale msiokuwa wa kitivo cha sheria: nafundisha sheria ya mataifa, hasa sehemu ile inayohusu vita. Nani ni mateka, nani ni mkimbizi, na askari aliyetupa bunduki yake ahesabiwe kuwa nani. Nimeisoma miaka mitatu Ulaya na kuifundisha miwili hapa, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kuonana na mtu hata mmoja ambaye sheria hiyo inamhusu. Nilikuwa naandika sura ya tasnifu kuhusu Waafrika wa Msumbiji wanaoburutwa kuingia jeshi la Wareno kisha wanatoroka. Profesa wangu aliisoma, akanirudishia, na pembeni aliandika maneno machache tu: "Sura hii haina mtu ndani." Nilikasirika siku tatu. Siku ya nne nikaanza kuulizia mabasi ya kusini.

Dar es Salaam hadi Rufiji

Basi liliondoka saa kumi na mbili asubuhi, maana yake saa kumi na mbili ndipo dereva alipoanza kutafutwa. Tulipoingia barabarani kweli jua lilishapanda. Nilikaa na fundi cherehani mmoja wa Lindi, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyekipakata kama mtoto kile kichwa cha chuma cha cherehani yake safari nzima, kwa sababu hakumwamini mtu yeyote juu ya paa la basi.

Tulifika Rufiji mchana, tukakuta pantoni limekwama kwenye mchanga katikati ya mto. Oktoba maji ni machache. Tulikaa ukingoni siku moja na nusu. Akina mama wa pale walijua riziki imewafuata mlangoni: wakaja na wali, kambale wa kukaanga na chai ya rangi, na kufikia jioni tulikuwa tumeshazoeana nao hadi wanatuita kwa majina.

Kosa langu lilikuwa kumwambia fundi ninachofundisha. Alitangaza kwa abiria wote. "Huyu dada anasomesha sheria za vita!"

"Vita vina sheria?" akauliza mama mmoja aliyekuwa anachambua samaki.

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, kama darasani, nikachora hata kwenye mchanga kwa kijiti: huku wapiganaji, huku raia, huku waliosalimu amri. Walisikiliza kwa adabu kubwa. Nilipomaliza, fundi akavua miwani na kuifuta.

"Nimekuelewa, dada. Sasa Mreno akivunja, mnampeleka mahakama gani?"

Nikasema jambo hilo bado linajadiliwa. Wakatazamana. Yule mama akanisogezea kipande cha kambale, kama anavyopewa mtu aliyefiwa.

Rufiji hadi Mtwara

Sehemu hii ilituchukua siku mbili na springi mbili. Ya kwanza ilikatika kabla ya Kilwa, ya pili nikiwa nimelala. Lindi tulikula pweza wa nazi, fundi akashuka na cherehani yake, akaniombea dua ya kupata hiyo mahakama. Sikujua kama ananitania au la. Mkumbuke hilo, kwa sababu ndilo lililokuja kuniponza: nilikuwa nimeshaanza kupoteza uwezo wa kutambua.

Mtwara nilifikia mtaa wa Ufukoni, nyumbani kwa Bi Somoe, mama mjane ambaye binti yake nilisoma naye. Ni mwanamke mnene, mcheshi, mwenye mkono mzuri wa jikoni. Alinipokea kwa bakuli la ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini wanayoila huku kama sisi tunavyokula viazi. Akanitazama nikimenya kwa kisu na uma.

"Mwanangu," alisema, "hiyo haijakukosea kitu. Kula kwa mkono."

Kesho yake nilikwenda kuonana na afisa aliyesimamia mambo ya mpakani. Alikuwa Ndugu Marwa, kijana wa Mara, mwembamba, asiyecheka ovyo. Nikamweleza shida yangu. Akainuka, akafunga mlango.

"Umekuja wakati wake," alisema. "Mahurunga kuna mtu alivuka Ruvuma wiki tatu zilizopita. Mmakua, alikuwa askari wa Mreno. Kijiji kinamlinda. Mimi sina gari mpaka Alhamisi, na lazima nijue ni mtu wa namna gani: mpelelezi, mateka au mkimbizi. Wewe ndiyo kazi yako. Nenda ukachukue maelezo yake, uniletee kabla ya Alhamisi. Nitakachokisoma ndicho nitakachokifuata."

Nawaambieni ukweli, nilitoka pale nikitembea kama nimekua inchi mbili. Kwa mara ya kwanza karatasi yangu ilikuwa inakwenda kuamua jambo la mtu.

Mtwara hadi Mahurunga

Nilipanda lori la ushirika lililokuwa linakwenda kubeba korosho. Nilikaa mbele, katikati ya dereva na karani, na mkoba magotini. Njia nzima ni mikorosho, na chini yake mabibo yameanguka yakichacha, harufu yake inalewesha kabla hujaonja. Kwenye kizuizi askari wetu mmoja alipekua mkoba, akakuta kitabu changu kikubwa, akasoma jalada taratibu.

"Sheria ya vita," alisema. "Umechelewa, dada. Vimeshaanza."

Dereva alicheka hadi akazima gari. Mimi nililiandika jina la yule askari.

Mahurunga ni kijiji cha wakulima karibu na mto. Nyumba zilikuwa zimepangwa kwa mistari, maana watu walikuwa wamehamia pamoja miaka michache nyuma, na shamba la kijiji lilianza palepale mistari ilipoishia. Kila nyumba kumi zina balozi wake, na nilipitishwa kwa mabalozi watatu kabla ya kufika kwa mwenyekiti. Katika kupitishwa huko habari ilinitangulia na kuharibika njiani: ilifika kwamba amekuja hakimu mwanamke. Nilikuta wanandoa wawili wameshakaa kwenye mkeka wakisubiri niwaachanishe, na mzee mmoja ana kesi ya mpaka wa mikorosho. Nikasema mimi si hakimu. Wakasema hawana haraka. Nyinyi mnaonijua hamtashangaa kusikia kwamba ile kesi ya mikorosho niliisikiliza mpaka mwisho.

Ghalani

Yule mtu aliwekwa kwenye ghala la kijiji, kati ya magunia ya korosho. Jina lake Amadi. Alikuwa mrefu, umri kama wangu, amevaa msuli wa kuazima. Mlangoni alikaa mgambo aliyemlinda, mtu mzima aitwaye Likapa, gobole amelilaza chini huku anasuka lema la kutegea samaki. Mlango ulikuwa wazi. Hilo la mlango nililiona kwa macho, lakini sikuliandika, kwa sababu mlango hausemi kitu.

Hapo lazima niwaeleze nilivyofunzwa. Ukichukua maelezo, unaandika kilichosemwa. Huandiki unachodhani kilimaanishwa, huongezi, hupambi. Anayesema ni nani, amesema nini, mwili wake ulionyesha nini. Nilifungua kalamu ya baba, ile ya wino wa kijani aliyoitumia miaka yake yote ya ukarani, nikaanza.

Amadi alisema Kimakua, na Kiswahili kidogo cha pwani ya kwao. Alipokwama, Likapa alifasiri. Walimchukua shambani, alisema, akiwa na jembe mkononi. Wakampa bunduki na viatu vilivyombana. Kazi yao, yeye na wenzake weusi, ilikuwa kutangulia kwenye vijia vya porini, ili kama kuna bomu limefukiwa, wao ndio walikanyage. Rafiki yake Saide alilikanyaga. Amadi alitoroka, akakamatwa, wakamfungia kwenye chumba kisicho na dirisha mpaka akasahau hesabu ya siku. Walipomtoa akatoroka tena. Safari hii alitupa bunduki mtoni, akavuka Ruvuma kwa miguu na kuogelea, akatokea kwenye shamba la muhogo la akina mama wa Mahurunga. Wao walipiga kelele, wakamzunguka na majembe, halafu wakamuuliza ukoo wake.

"Unataka nini sasa?" nikamuuliza.

Alifikiri sana. "Chumba cha kufuli, hapana," alisema kwa Kiswahili chake. "Kingine chochote. Kufuli, hapana."

Niliandika hilo nikapiga mstari chini yake. Na hapohapo, bila kuulizwa, Likapa akaingilia kwa lafudhi yake ya Kimakonde, huku anavuta ukindu kwa meno.

"Andika na hili, nwalimu. Huyu Nmakua ni ntumwa wangu. Babu yangu alinnunua babu yake kwa kibaba cha chumvi, na chumvi yenyewe ilikuwa chafu."

Niliinua kichwa. Likapa hakucheka. Amadi aliinamisha uso.

"Tena akithubutu kurudi kule, tunanzika. Kaburi tushampimia. Shida yake hii miguu mirefu, itabidi tuikate."

Niliyaandika yote, neno kwa neno. Nikaandika kwamba mtoa maelezo aliinamisha kichwa na mabega yake yakatetemeka. Nilikandamiza kalamu kwa hasira. Mtumwa! Katika kijiji cha ujamaa!

Kutoka nyumba ya pili ikasikika sauti kali ya kikongwe. "Likapa! Kuku!" Mgambo mzima akaruka kama aliyechomwa mwiba, akakimbia kufukuza kuku waliokuwa wameingia kwenye muhogo ulioanikwa. Ilikuwa sauti ya mama yake, Bi Atukae, ambaye alikuwa mgonjwa kitandani lakini mdomo wake mzima kabisa. Baadaye nilikwenda kumsalimu. Alinishika mkono kwa vidole vikavu, akanipa ming'oko, akauliza kama nimeolewa, nikasema bado, akauliza kwa nini. Kisha akamwagiza mkwe wake, "Npelekeni chakula maiti yule pale ghalani, asije akafa kweli." Hilo nalo niliandika.

Kurudi Mtwara

Nilirudi na lori lilelile, nimekaa juu ya magunia, nimeukumbatia mkoba. Jumatano saa sita mchana karatasi nne za wino wa kijani zilikuwa mezani kwa Ndugu Marwa. Alizisoma mara mbili. Nilikuwa najiona shujaa.

"Hii ni mbaya," alisema. "Huyu mtu si mpelelezi, hilo naliona. Lakini wanamwita mtumwa. Wanamtishia kumuua, na mlinzi wake ndiye anayemtishia. Siwezi kumwacha pale hata siku moja zaidi. Kesho gari linamleta gerezani hapa mjini, akae salama mpaka mambo yake yajulikane."

"Gerezani?"

"Kwa usalama wake. Ni wapi pengine pana ukuta?"

"Lakini alisema hataki kufuli. Nimeandika."

"Umeandika pia kwamba wameshampimia kaburi, dada. Nichague lipi?"

Nilitoka pale na inchi zangu mbili zimekatwa. Nilijiambia kwamba nimefanya kazi yangu, kwamba kukaa gerezani kwa muda ni bora kuliko kuzikwa, kwamba sheria huwa hivyo. Nilijiambia mengi njiani mpaka Ufukoni, na hakuna hata moja lililonikaa.

Bi Somoe aliniona nimekaa na sahani ya wali bila kuigusa. Akauliza. Nikatoa nakala yangu, nikamsomea, kwanza kwa huzuni, halafu nikasita, kwa sababu mama yule alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Nilipofika kwenye kibaba cha chumvi alitoa mlio. Nilipofika kwenye miguu ya kukatwa alilala chali kwenye mkeka, machozi yanamtoka.

"Bi Somoe! Hili ni jambo la mtu kufa!"

"Hebu subiri," alisema akijifuta. "Huyo mlinzi ni Mmakonde?"

"Ndiyo."

"Na huyo mwenzie ni Mmakua?"

"Ndiyo."

"Mwanangu, hao si watani?"

Niliitazama tena karatasi. Mimi! Mpare niliyelelewa kati ya Wachaga, watani wetu, ambaye tangu utotoni naitwa muuza ng'ombe wa kukatia rufaa na nawaita wenzangu majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nyinyi wenyewe hamna siku mnayoniacha. Ningeyasikia maneno yale kwenye chumba chetu cha walimu, ningejibu kabla hayajamalizika. Lakini nilikwenda Mahurunga nikiwa nimevaa sikio la mahakamani, na sikio hilo halina pa kuwekea utani.

"Mabega yalikuwa yanatetemeka," nilisema kwa sauti ndogo.

"Alikuwa anajikaza asicheke mbele ya mkubwa. Amemwona mtu wa serikali, ana kalamu, angethubutuje kujibu?" Kisha Bi Somoe akaacha kucheka, akanitazama vizuri. "Na nikwambie. Mateka hataniwi. Mgeni hataniwi. Anayetaniwa ni mtu aliyekwisha hesabiwa kuwa wa nyumbani. Sasa wewe umeipelekea serikali karatasi gani?"

Nilirudi ofisini karibu nikimbia. Ndugu Marwa alikuwa anafunga dirisha. Nikamweleza. Alinisikiliza amesimama.

"Mchana unaniletea kifo, jioni unaniletea kichekesho," alisema. "Nikimwacha pale, halafu akapatikana amekufa, nitasema mwalimu wa chuo aliniambia ni utani?"

"Nichukue kwenye gari kesho. Uone mwenyewe."

"Na nikikuta ulivyoandika ndivyo ilivyo?"

"Basi utamleta mjini, nami nitakaa naye kiti cha nyuma."

Alikubali, lakini kwa uso wa mtu anayekubali ili mazungumzo yaishe.

Mahurunga kwa mara ya pili

Landrova ilikwenda kasi kuliko lori, na mimi nilitamani ingekwenda polepole. Nyuma kulikuwa na askari mmoja mwenye pingu. Kila zilipogongana nilihisi zinagonga kwenye mbavu zangu.

Tulipokaribia nyumba tulisikia vilio. Vilio vya wanawake wengi, vya msiba. Ndugu Marwa alinigeukia, na sitaki kukumbuka alivyonitazama. Nilishuka kabla gari halijasimama sawasawa.

Halafu, katikati ya vile vilio, kikatokea kicheko. Si cha mtu mmoja, ni cha uwanja mzima. Kikazimwa, vilio vikarudi, kikalipuka tena.

Aliyefariki alikuwa Bi Atukae, alfajiri ile, kwa ugonjwa wake. Watu walikuwa wamejaa uani, wanawake upande mmoja, wanaume upande wa pili, na jeneza limeshatayarishwa ndani. Na mlangoni, amesimama katikati kabisa ili asipite mtu, alikuwepo Amadi. Alikuwa amejitanda kanga ya marehemu, amejikunja mgongo kwa uzito wote wa uzee, ameshika fimbo yake. Hakukuwa na gobole wala mlinzi.

"Likapa!" alipiga kelele kwa sauti ya kikongwe, sauti ileile niliyoisikia siku tatu kabla. "Kuku!"

Uwanja ukavunjika mbavu. Wanawake waliokuwa wanalia walishikana mabega wakicheka huku wanalia. Likapa alisimama macho yamevimba, midomo inamcheza.

"Maiti haitoki!" Amadi aliendelea, kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kimakua. "Kuku wako kwenye muhogo. Mama hatoki mpaka Likapa afukuze kuku. Maisha yote mama anasema, Likapa hasikii. Leo atasikia!"

Na Likapa, mtu mzima, mgambo, mwana wa marehemu, alikimbia. Aliwafukuza kuku kuzunguka nyumba, akaanguka, akainuka, anacheka, analia kwa sauti kama hajawahi kulia. Alipomaliza raundi ya pili alikuja akasimama mbele ya Amadi, hoi. Amadi akavua kanga, akaikunja vizuri, akamkabidhi mkononi. Wakakumbatiana. Halafu mlango ukawa wazi, na jeneza lilipotoka, Amadi alikuwa wa kwanza kuliingizia bega.

Nililia. Sioni haya kusema. Nililia kwa ajili ya bibi aliyenipa ming'oko, na kwa ajili ya karatasi zangu nne.

Ndugu Marwa alikuwa amevua kofia tangu mwanzo. Alikaa kwenye mkeka wa wanaume, akala ugali wa msiba, akangoja mpaka waliporudi kutoka makaburini. Kisha alinifuata nilipokuwa.

"Kwetu nasi tuna watani," alisema. "Baba yangu alipozikwa, mmoja alilala kaburini akagoma kutoka. Nilitaka kumpiga. Bila yeye sijui ningefikaje jioni." Akairudisha kofia kichwani. "Kalamu yako unayo?"

"Ninayo."

"Andika upya."

"Niandike nini?"

"Andika ulichokiona."

Niliandika palepale, daftari juu ya goti. Kwamba mtu huyu hakuwa na silaha, hakuwa chini ya ulinzi, na hakukimbia ingawa hakuna aliyemzuia. Kwamba maneno niliyoyaita vitisho yalikuwa utani wa Wamakonde na Wamakua, kwamba kosa la kuyasoma vibaya ni langu peke yangu, na kwamba utani huo ndio ushahidi bora zaidi nilionao kuwa kijiji kimempokea. Mlango wa ghala nao niliuandika safari hii. Mwenyekiti akaweka sahihi ya dhamana, Likapa akaweka dole gumba. Ndugu Marwa alisoma, akaikunja, akasema Amadi atabaki Mahurunga mpaka karatasi ya ukimbizi itoke. Yule askari akazirudisha pingu garini, akaenda kuomba ugali.

Likapa alimfasiria Amadi habari yote: gereza, gari, karatasi ya kwanza na ya pili. Amadi alisikiliza akinitazama mimi, halafu kalamu, halafu mimi. Akanyoosha mkono wake mrefu, akaichomoa kwenye vidole vyangu.

"Hii iliniua jana," alisema. "Leo imekufa yenyewe. Mimi naizika."

"Nirudishie! Ni ya baba yangu!"

"Kimya, ntumwa wangu."

"Wapare na Wamakua si watani!"

Akamgeukia Likapa ili amfasirie. Likapa, macho bado mekundu, alifikiri kidogo, kisha akasema, "Tangu leo, nwalimu."

Na mtani akishachukua, amechukua. Hilo hata Mpare hawezi kulikatia rufaa.

Kurudi nyumbani

Njia ya kurudi haina mengi. Pantoni lilikwama tena, na yule mama wa kambale alinikumbuka, akauliza kama nimepata mahakama. Nikamwambia bado, lakini nimeona mtu mmoja akihukumiwa vizuri. Alinipa kipande kikubwa zaidi.

Hiyo ni miezi mitatu sasa. Ningeweza kuishia hapo, ila juzi imenifikia bahasha kutoka kusini, na ndani yake karatasi moja ya daftari, herufi kubwa zilizosimama kila moja peke yake, wino wa kijani. Herufi Amadi alifundishwa utotoni, misheni, lakini Kiswahili cha kuandika amekipata kwenye darasa la watu wazima la kijiji. Nainakili kama ilivyo, sikusahihisha kitu:

"Kwa mtumwa wangu Mpare. Salamu nyingi. Kalamu yako mzima. Mwalimu anasema mimi nakosa sana lakini nakosa kwa wino mzuri. Karatasi ya ukimbizi imefika, Bwana Marwa ameleta mwenyewe, amekula kwangu. Nimepewa shamba jirani na Likapa. Kuku wa Likapa wanakula muhogo wangu. Nataka kufungua kesi, wewe Mpare njoo haraka. Utafikia kwangu. Nimejenga nyumba. Mlango upo. Kufuli hakuna."

Barua hiyo nimeibandika mbele ya ile sura ya tasnifu isiyo na mtu ndani, ukurasa wa kwanza kabisa, na kesho asubuhi nampelekea profesa.